Bibi Aliyeuza Shamba la Ukoo

Swali hili huulizwa zaidi msibani. Matanga yakishaanuliwa na wanaukoo wakakaa kikao cha kugawana mali, hutokea binti au mjane akasogeza mkeka karibu na mtu anayesemekana anajua sheria, akanong'ona: “Wameniambia mimi mwanamke, sina changu hapa. Ni kweli?” Kabla hajajibiwa, mzee mmoja anadakia kutoka upande wa pili: “Mwacha mila ni mtumwa. Hayo ya serikali muyaache huko huko mjini.”

Nawaheshimu wote wawili. Mzee hasemi kwa ubaya. Amekabidhiwa ukoo na anaogopa usimfie mikononi. Lakini mwanamke naye anauliza jambo lenye jibu, na jibu lenyewe lilitolewa na mahakama zetu, kwa mara ya kwanza kwa uwazi, katika kesi iliyoanzia kwenye shamba la migomba wilayani Muleba. Nataka tuifuate kesi hiyo hatua kwa hatua.

Siku mbili za Agosti

Tarehe 24 Agosti 1988, bibi mmoja wa Kihaya, Holaria Pastory, aliuza shamba kwa shilingi 300,000. Shamba lilikuwa la ukoo. Aliachiwa na baba yake kwa wosia halali. Alikuwa amezeeka, hana wa kumtunza, na shamba ndiyo mali aliyokuwa nayo. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo.

Anayekijua kibanja cha Kihaya ataelewa uzito wa jambo hilo. Kibanja ni nyumba, migomba inayoizunguka, mibuni chini ya migomba, na mara nyingi makaburi ya waliotangulia. Kumwuzia mgeni kibanja ni kumwuzia mahali walipolala babu zako. Kwa hiyo hatushangai kwamba siku ya pili tu, tarehe 25 Agosti, ndugu wa ukoo aitwaye Bernardo Ephrahim alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kuomba mauzo yabatilishwe.

Hoja yake ilikuwa moja, na aliisema bila kificho: kwa mila za Kihaya, mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilikubali. Bibi akaamriwa arudishe shilingi 300,000. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, na huko akashinda. Ephrahim naye hakukata tamaa. Akapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya alisoma hukumu ambayo wanafunzi wa sheria Afrika Mashariki husomeshwa mpaka leo kwa jina la Ephrahim dhidi ya Pastory.

Kanuni ilisemaje?

Watu wengi hudhani mila haijaandikwa popote. Hii iliandikwa. Iko katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lililokusanya kanuni za urithi za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Kanuni ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi, ila ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake yote na hawezi kuiuza. Kama hakuna mwanamume yeyote katika ukoo huo, hapo ndipo mwanamke anaweza kuimiliki kikamilifu.

Tangazo hilo hilo liliwapanga warithi kwa daraja. Mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza yuko daraja la kwanza. Wana wengine wa kiume, daraja la pili. Mabinti wote, hata aliyezaliwa kabla ya kaka zake wote, wako daraja la tatu, na fungu lao ndilo dogo. Mjane hana fungu. Sehemu yake ni kutunzwa na watoto wake.

Hebu fikiria binti mwenye umri wa miaka 40, amemuuguza baba miaka kumi, amempalilia migomba, kisha anasomewa kwamba yuko nyuma ya mdogo wake wa kiume aliyeko sekondari. Kanuni haiulizi nani alifanya nini. Inauliza umezaliwa nani.

Mila ya nani?

Hapa ndipo nisipokubaliana na mzee wa msibani, na sababu yangu inatoka ndani ya historia yetu wenyewe.

Wakati wa ukoloni, serikali ya Tanganyika ilimwajiri mtafiti aliyezaliwa Austria, Hans Cory, kukusanya mila za makabila. Alikaa na machifu na wazee, akawauliza, akaandika. Kitabu chake na Hartnoll juu ya sheria za mila za Wahaya kilitoka mwaka 1945. Baada ya uhuru, serikali ilitaka nchi iwe na sheria za mila zinazofanana badala ya kila kabila na zake, na kazi hiyo ikazaa matangazo ya mwaka 1963.

Sasa tafakari mambo mawili. La kwanza, ukitaka kujua mila juu ya mali ya mwanamke na ukawauliza wazee wa kiume peke yao, utapata jibu la wazee wa kiume. La pili, mila ilipokuwa midomoni mwa watu ilikuwa inasogea. Ukame ukija, inalegezwa. Binti akiwa ndiye pekee aliyebaki nyumbani, wazee wanakaa na kusema, “Huyu naye apewe.” Ilipochapwa kwenye gazeti la serikali, ilisimama pale pale ilipokuwa siku ile.

Wanasheria wanaochunguza jambo hili hutenganisha *mila hai*, yaani yale watu wanayoyafanya kweli leo kijijini, na *mila ya kitabuni*, yaani yale yaliyoandikwa na serikali na kusomwa mahakamani. Baba yake Bi Pastory alimwandikia binti yake wosia. Yeye naye alikuwa Mhaya na mwanaukoo. Sioni kwa nini kitendo chake kisihesabiwe kuwa sehemu ya mila.

Je, kila kutofautisha ni ubaguzi?

Hapana. Sheria hutofautisha watu kila siku. Mtoto wa miaka 12 hapewi leseni ya udereva. Likizo ya uzazi haigawiwi sawasawa kwa kila mfanyakazi. Asiyesomea udaktari hapasui watu. Hakuna anayelalamika, kwa sababu kila tofauti hapo ina sababu inayohusiana na jambo lenyewe.

Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania inakataza kubagua, na inaeleza neno hilo lina maana gani: kuwatendea watu tofauti kwa kuangalia mambo kama kabila, dini, rangi, mahali walikotoka au jinsia yao, kwa namna inayowafanya wa aina fulani wahesabiwe duni na kuwekewa vikwazo ambavyo wengine hawana. Neno “jinsia” liliongezwa katika orodha hiyo mwaka 2000 tu. Wakati wa kesi ya Bi Pastory halikuwemo. Jaji alisimama juu ya usawa wa watu wote mbele ya sheria, na juu ya mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania ilikuwa imeiridhia, ukiwemo ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ulioridhiwa mwaka 1985.

Kwa lugha ya nyumbani, mahakama hujiuliza hivi:

1. Kuna watu wawili walio katika hali moja wanaotendewa tofauti?
2. Tofauti hiyo imetokana na kitu ambacho mtu hakukichagua au hapaswi kulazimishwa kukiacha, kama jinsia, kabila au dini?
3. Anayetofautisha ana sababu ya maana, na njia aliyochagua haizidi kiasi kinachohitajika?

Swali la tatu ndilo gumu, na wanasheria wanaliita kipimo cha *uwiano*: usichome shamba zima kwa ajili ya kumtoa panya mmoja.

Katiba pia inaruhusu hatua za makusudi za kurekebisha matatizo ya jamii. Ndiyo maana viti maalum vya wanawake bungeni havihesabiwi kuwa ubaguzi dhidi ya wanaume, ingawa vinatenganisha waziwazi.

*Kwa ufupi:* Kutofautisha peke yake si kosa. Kosa ni kumtofautisha mtu kwa alivyozaliwa, kwa namna inayomshusha, pasipo sababu inayolingana na madhara anayoyapata.

Jaji alifanya nini hasa?

Nenda tena Mwanza, Februari 1990. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini serikali ilijipa muda wa kusafisha sheria zake. Mahakama zilianza kuzitumia haki hizo Machi 1988. Bi Pastory aliuza shamba miezi mitano baadaye. Wino ulikuwa haujakauka.

Jaji Mwalusanya alikuwa na njia kadhaa mbele yake. Angeweza kusema mila ni mila, akamrudisha bibi mikono mitupu. Angeweza kuifuta kabisa sheria ya ardhi ya ukoo, kila mtu auze kwa amtakaye. Hakufanya hivyo wala hivi, na hapa ndipo ninapoiheshimu hukumu yake zaidi.

Aliuliza: mwanamume wa Kihaya akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila idhini ya ndugu, inakuwaje? Jibu la mila ni kwamba mauzo yanasimama, lakini ndugu wa ukoo wana haki ya kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Mwanamke akiuza, mauzo ni batili tangu mwanzo. Kitendo kimoja, ardhi moja, ukoo mmoja, matokeo mawili, na kinachotofautisha ni jinsia ya muuzaji peke yake.

Sheria ya mwaka 1984 iliyoanzisha haki hizo iliwapa majaji uwezo wa kuisoma sheria ya zamani pamoja na marekebisho yanayohitajika ili ipatane na Katiba. Jaji akautumia. Akatamka kwamba tangu sasa wanaume na wanawake wana haki sawa kurithi na kuuza ardhi ya ukoo. Kwa hiyo mauzo ya Bi Pastory yalikuwa halali, kama ambavyo yangekuwa halali angekuwa mwanamume. Na Ephrahim? Naye alibaki na haki yake ya mwanaukoo: akitaka shamba lirudi, amlipe mnunuzi shilingi 300,000 ndani ya miezi sita. Akishindwa, shamba ni la mnunuzi.

Angalia kilichobaki. Ukoo ulibaki na uwezo wa kulinda makaburi yake. Kukomboa kulibaki. Wazee walibaki na sauti. Kilichoondoka ni kile kijiti kimoja kilichokuwa kimesimamishwa njiani kwa ajili ya mwanamke tu. Mzee wa msibani anapohofia kwamba usawa utaung'oa ukoo, mimi humweleza habari ya miezi sita ya Ephrahim. Ukoo unaolitaka shamba kweli utachanga.

“Lakini ataolewa”

Sababu inayotolewa mara nyingi zaidi kumnyima binti ardhi ni hii: kesho ataolewa, atahamia kwa watu, shamba litakwenda na mumewe.

Mahakama ya Rufani ya Kenya iliipima hoja hiyo mwaka 2005 katika kesi ya Rono, iliyohusu ekari 192 za marehemu aliyeacha wajane wawili na watoto wa kiume na wa kike. Mahakama ya chini iliwapa mabinti kidogo kuliko kaka zao, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba huenda wangeolewa. Mahakama ya Rufani haikuona msingi wa jambo hilo. Sheria ya mirathi ya Kenya inaposema “watoto”, inasema watoto. Mabinti wakapata sawa.

Ukiitazama kwa makini, hoja ya “ataolewa” haimhusu binti aliyesimama mbele yako. Inahusu picha ya binti iliyoko kichwani. Huyu hapa huenda haolewi, huenda ameolewa na ameachwa, huenda ni yeye anayewalea wazazi. Kaka yake anaweza kuhamia Dar es Salaam na kutorudi tena. Hakuna anayempunguzia fungu kwa sababu huenda atahama. Kumhukumu mtu kwa picha ya kundi lake ndiyo mizizi ya ubaguzi wote, uwe wa jinsia, wa kabila au wa rangi.

Picha hiyo hiyo ilijitokeza katika kesi ya Rebeca Gyumi, aliyepinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Vifungu hivyo viliweka miaka 18 kwa mvulana, na kumruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au hata 14 kwa idhini ya mahakama. Upande wa serikali ulidai kwamba tofauti hiyo inamlinda msichana asipate mimba nje ya ndoa. Mahakama Kuu ilikataa Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikakazia Oktoba 2019. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwaka huo ulipita bila sheria kurekebishwa.

Kanuni isiyomtaja mtu

Mpaka hapa tumezungumzia ubaguzi unaojitangaza: “mwanamke hauzi.” Uko mwingine usiomtaja mtu yeyote, nao ni mgumu zaidi kuushika. Wanasheria huuita *ubaguzi usio wa moja kwa moja*: kanuni moja kwa wote, inayowaumiza wa kundi moja kuliko wengine bila sababu ya kazi.

Kesi iliyoufanya ujulikane duniani ilitoka Marekani. Katika kituo cha kufua umeme cha kampuni ya Duke Power, jimbo la North Carolina, wafanyakazi Weusi walikuwa wamefungiwa katika idara moja, yenye kazi za suluba na mshahara wa chini. Sheria ya mwaka 1964 ilipokataza ubaguzi kazini, kampuni ilidai cheti cha sekondari na kufaulu mitihani fulani kwa anayetaka kuingia idara nzuri. Kanuni haikutaja rangi. Lakini Weusi wa jimbo lile walikuwa wamesomeshwa kwa miaka mingi katika shule duni zilizotengwa, na wazungu walioajiriwa zamani bila cheti waliendelea kuzifanya kazi zile zile vizuri. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu, majaji wakiwa na kauli moja, ilisema sharti lisilohusiana na kazi haliruhusiwi likiwafungia mlango watu wa rangi fulani, hata kama mwajiri hakuwa na nia mbaya.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyobadilisha mambo. Mnyonge hana namna ya kufungua moyo wa mwajiri aone kilichomo. Anachoweza ni kuonyesha matokeo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 imefuata njia hiyo: inakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na mfanyakazi akishaonyesha dalili za kutosha, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya nayo inazitaja aina zote mbili.

Wajane wa Shinyanga

Ningependa kusema kwamba baada ya mwaka 1990 mambo yalinyooka. Kwa ardhi yalinyooka kiasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema kanuni yoyote ya mila inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi kihalali ni batili.

Lakini wajane wawili wa Shinyanga walipofiwa na waume zao, wakatolewa nyumbani pamoja na watoto wao na ukoo wa waume, walikwenda Mahakama Kuu kupinga Tangazo lile lile Na. 436. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zile ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzitengua. Ilihofia kugusa mila za makabila yote kwa kalamu ya jaji, ikawaelekeza wapitie halmashauri za wilaya. Walikata rufaa. Wakasubiri miaka minne, na mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa kasoro ya hati ya amri iliyotoka Mahakama Kuu. Kosa halikuwa la wajane. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ilisema Tanzania imewakosea, iwalipe fidia na kuziondoa kanuni hizo.

Naamini mahakama ya mwaka 2006 ilikosea. Jaji Mwalusanya alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi ya kusawazisha kanuni bila kuibomoa nyumba nzima. Kuutambua ubaguzi na kuuacha pale ulipo ni kumwambia mjane kwamba ana haki, ila asije kuichukua.

Kwa hiyo yule anayenong'ona msibani humwambia mambo machache yanayoweza kufanyika wiki hiyo hiyo. Kama wosia upo, usitoke mikononi mwake bila nakala. Kama shamba lina hati ya hakimiliki ya kimila, aangalie ina majina ya nani. Mume na mke wanaweza kuandikwa pamoja, na ni rahisi zaidi kufanya hivyo wakiwa hai wote wawili. Kama mgogoro umeanza, kijiji kina baraza la ardhi lenye wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Aende hapo, na mbele ya wote awaulize: “Kama ningekuwa kaka yangu, mngeniambia hivi?” Wakijibu kwamba yeye ni mwanamke, amwombe katibu aliandike jibu hilo kama lilivyosemwa, aweke tarehe, na wajumbe watie saini.